Pampu ya Pumu Haiui, Kuiogopa Ndiko Kunakoua

Katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki imeenea imani kwamba pampu ya pumu ni hatua ya mwisho ya ugonjwa. Mzazi akiambiwa mwanawe aanze dawa ya kuvuta kwa mdomo, swali lake la kwanza ni kama hakuna vidonge au dawa ya maji. Anahofu kwamba mtoto ataizoea asiweze tena kuishi bila hiyo, kwamba moyo wake utaharibika, na kwamba siku pampu ikikosekana atakufa. Majirani nao hawakosi mfano wa fulani aliyetembea na pampu mfukoni miaka nenda rudi, kisha akafa ameishika mkononi. Imani hii haiko kwa wasiosoma peke yao. Walimu, watumishi wa umma na hata baadhi ya wauza dawa huirudia kwa nia njema kabisa. Lakini nia njema haiufanyi uongo kuwa kweli. Imani hii imegeuza mambo juu chini: dozi ndogo inayofika mahali penye ugonjwa imeitwa hatari, dozi kubwa inayozunguka mwili mzima imeitwa nyepesi, na mgonjwa amefundishwa kungoja mpaka abanwe ndipo atafute tiba. Kungoja huko ndiko kunakojaza makaburi, na ni wajibu wetu kukupinga waziwazi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana dawa haiwezi kueleweka kabla ya kinachotibiwa kueleweka. Watu wengi huona pumu kama tukio: usiku fulani kifua kinabana, pumzi inapiga miluzi, mtu anakaa kitako kitandani akihangaika, anapata dawa, asubuhi amepona. Ukweli ni kwamba asubuhi hiyo hajapona. Ndani ya njia zake za hewa kuna uvimbe wa kudumu, mdogo usioonekana, unaozifanya njia hizo ziwe nyepesi kukasirika. Vumbi, moshi wa kuni, baridi ya alfajiri, mafua, manyoya ya paka au harufu kali ya rangi huziamsha, na hapo mambo matatu hutokea kwa pamoja: misuli inayozizunguka hukaza, utando wa ndani hujaa maji, na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Shambulio ni kilele cha ugonjwa ambao ulikuwapo siku zote. Kwa hiyo anayetibu mashambulio peke yake anadeki maji sakafuni huku paa linaendelea kuvuja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na iliua watu 455,000. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako wagonjwa wengi hawatambuliwi mapema au hawapati tiba ya kutosha.

Kosa la kwanza la imani hii ni kuzungumzia pampu kama kitu kimoja. Pampu ni chombo tu. Kinachohusika ni dawa iliyomo, na kwa pumu ziko za aina mbili kuu zenye kazi tofauti kabisa. Ya kwanza ni ya kutuliza, na inayojulikana zaidi ni salbutamoli, ambayo mara nyingi huja katika pampu ya bluu. Hulegeza misuli iliyokaza, na mgonjwa huona nafuu ndani ya dakika chache. Haigusi uvimbe. Ya pili ni ya kuzuia, kama beklometasoni au budesonidi, ambazo ni kotikosteroidi za kuvuta. Hizi hupunguza uvimbe wenyewe. Mgonjwa hasikii chochote siku ya kwanza, na huenda zikapita wiki kabla hajaona tofauti, lakini ndizo zinazoshughulika na chanzo. Hapa ndipo wengi hupotea. Kwa kuwa ya kutuliza inaleta nafuu papo hapo, mgonjwa huipenda. Kwa kuwa ya kuzuia haionyeshi kitu mara moja, huiona bure na kuiacha. Anabaki na ile ya bluu peke yake, uvimbe unakua, anaivuta mara nyingi zaidi, na jamii inayomtazama inahitimisha kwamba ameizoea.

Hebu tuipime hoja hiyo ya kuzoea, maana ndiyo nguzo ya imani nzima. Uraibu ni hali ambayo dawa inazaa hamu ya dawa, na hamu hiyo inaendelea hata pale ugonjwa usipokuwapo. Kwa dawa za kuvuta za pumu hali hiyo haipo. Mtu anayehitaji pampu ya kutuliza mara nne au tano kwa siku anaihitaji kwa sababu njia zake za hewa zimevimba. Akipewa dawa ya kuzuia ipasavyo, uhitaji huo hushuka, mara nyingi mpaka siku nyingi zikapita bila kuigusa pampu ya bluu. Mraibu hapunguziwi uhitaji kwa kutibiwa kitu kingine. Lakini wanaoogopa pampu wana jambo moja la kweli mkononi, na si haki kulificha. Kutegemea dawa ya kutuliza peke yake ni hatari kweli. Katika miaka ya 1960 vifo vya pumu vilipanda ghafla Uingereza, Australia na New Zealand, na uchunguzi ukaelekeza kidole kwenye pampu za isoprenalini za dozi kubwa. New Zealand ilipata wimbi jingine tangu katikati ya miaka ya 1970, safari hii likihusishwa na fenoteroli, nayo dawa ya kutuliza. Uchunguzi wa vifo vya pumu uliochapishwa Uingereza mwaka 2014 ulipitia vifo 195, na miongoni mwa waliojulikana idadi ya pampu zao za kutuliza, asilimia 39 walikuwa wameandikiwa zaidi ya 12 kwa mwaka mmoja. Pampu ya salbutamoli kwa kawaida ina mivuto 200, hivyo pampu 12 ni mivuto 2,400, wastani wa zaidi ya sita kila siku ya mwaka. Huyo ni mgonjwa ambaye uvimbe wake haukutibiwa.

Somo la historia hiyo, basi, ni kuongeza dawa ya kuzuia, na wala halitoi ruhusa ya kuitupa pampu. Ushahidi wake ni mzito. Huko Saskatchewan, Kanada, watafiti walifuatilia kumbukumbu za wagonjwa 30,569 wenye umri wa miaka 5 hadi 44, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Kila pampu moja zaidi ya kotikosteroidi aliyotumia mgonjwa katika mwaka uliotangulia iliambatana na kupungua kwa asilimia 21 kwa kiwango cha vifo vya pumu. Zaidi ya hapo, walioacha dawa hiyo walikufa kwa kiwango cha juu zaidi katika miezi mitatu ya kwanza kuliko walioendelea. Ufini ilianzisha mpango wa taifa wa miaka kumi mwaka 1994, uliosisitiza kuwatambua wagonjwa mapema na kutibu uvimbe tangu mwanzo, na siku za kulazwa hospitali kwa sababu ya pumu zikapungua kwa zaidi ya nusu. Atakayesema Ufini ni tajiri aangalie Salvador, jiji la Bahia huko Brazil, ambako tangu mwaka 2003 wagonjwa wa pumu kali walipewa dawa za kuvuta bure pamoja na mafunzo. Ndani ya miaka mitatu kulazwa kwa sababu ya pumu katika jiji hilo kulipungua kwa karibu robo tatu. Ndiyo maana mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unaofuatwa na madaktari wengi duniani uliacha kupendekeza salbutamoli peke yake kwa watu wazima na vijana kuanzia miaka 12. Kila mmoja wao, hata mwenye pumu ndogo, anapaswa kupata dawa yenye kotikosteroidi ya kuvuta.

Sasa tuigeukie dawa ambayo jamii huiona salama: kidonge. Pampu ya salbutamoli hutoa mikrogramu 100 kwa mvuto mmoja. Kidonge cha kawaida cha salbutamoli kina miligramu 4, yaani mikrogramu 4,000. Kidonge kimoja kina dawa sawa na mivuto 40. Dawa hiyo haiendi kifuani moja kwa moja. Hupita tumboni, huingia kwenye damu, hufika kwenye moyo, misuli na kila kiungo, kisha sehemu ndogo ndiyo inayofika kwenye njia za hewa, tena kwa kuchelewa. Ndiyo sababu anayemeza vidonge hivyo hutetemeka mikono na moyo wake kwenda mbio. Mzazi anayekataa pampu kwa kuuhurumia moyo wa mtoto, kisha akanunua vidonge au sharubati, amechagua njia inayousumbua moyo huo zaidi. Aminofilini, inayomezwa au kuchomwa, ina tatizo jingine: tofauti kati ya dozi inayosaidia na dozi inayodhuru ni ndogo sana, na ikizidi huleta kutapika, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, hata degedege. Hata hivyo kijibahasha cha karatasi chenye vidonge vya rangi tatu, cha salbutamoli, prednisoloni na antibiotiki isiyohitajika, kingali kinanunuliwa katika maduka ya dawa kama tiba ya pumu, na anayekimeza huamini ameikwepa hatari.

Prednisoloni inatuleta kwenye hofu nzito kuliko zote, hofu ya homoni. Watu wamesikia kwamba dawa ya kuzuia ni steroidi, na steroidi wanazijua: zinavimbisha uso, zinanenepesha, zinapandisha sukari, zinadhoofisha mifupa. Wanazijua pia kwa sababu deksamethasoni na prednisoloni hutumiwa vibaya na wanaotaka kunenepa. Hofu hiyo ina msingi, lakini imeelekezwa kwa mtuhumiwa asiyestahili. Kila mtu mzima mwenye afya hutengeneza homoni ya jamii hii kila siku. Inaitwa kotisoli, hutoka katika tezi mbili zilizoketi juu ya figo, na kazi zake ni pamoja na kutuliza uvimbe mwilini. Kiwango chake hushuka karibu na usiku wa manane, na hiyo ni moja ya sababu zinazoifanya pumu ichachamae usiku na kuelekea alfajiri. Dawa za kotikosteroidi zimeigwa kutoka homoni hiyo. Swali la haki, basi, ni kiasi gani kinaingia mwilini na kinafika wapi. Mtu mzima akipatwa na shambulio kali huandikiwa kwa kawaida prednisoloni miligramu 40 kwa siku, kwa siku tano hivi. Hiyo ni miligramu 200 zilizopita kwenye damu yote. Anayevuta beklometasoni mikrogramu 200 asubuhi na 200 jioni hutumia miligramu 146 kwa mwaka mzima. Dawa hizi mbili hazilingani nguvu, kwa hiyo uzito peke yake hauamui kesi. Kinachoamua ni kwamba ya kuvuta hufanya kazi yake palepale kwenye njia za hewa, na sehemu kubwa ya inayomezwa kwa bahati mbaya huvunjwa na ini kabla ya kusambaa. Tafiti zimeonyesha kwamba dozi nne au tano tu za prednisoloni za namna hiyo katika maisha ya mtu mzima huambatana na hatari kubwa zaidi ya kisukari, mtoto wa jicho na mifupa kudhoofika. Anayekataa kuvuta homoni kidogo leo anajiandalia kumeza nyingi kesho, maana shambulio kali likija hakuna daktari atakayemwacha bila prednisoloni, na atakuwa amefanya sawa.

Je, dawa ya kuvuta haina madhara kabisa? Inayo, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa. Inaweza kukwaruza sauti, na inaweza kuleta utando mweupe wa fangasi mdomoni, ambao huzuilika kwa kusukutua na kutema maji baada ya kuvuta. Kwa watoto inaweza kupunguza kimo kidogo. Utafiti wa Marekani uliowafuata watoto mpaka utu uzima uligundua kwamba waliovuta budesonidi kwa miaka minne hadi sita walikuwa wafupi kwa wastani wa sentimita 1.2 kuliko wenzao. Sentimita hiyo moja na kidogo iwekwe upande mmoja wa mizani, na upande wa pili ziwekwe siku za shule zilizopotea, usiku wa kukesha na hatari ya kifo. Dozi za juu sana kwa muda mrefu zina hatari zaidi, na ndiyo maana daktari hutafuta dozi ndogo kabisa inayotosha. Hakuna hata moja kati ya hoja hizi inayomwelekeza mtu kwenye kidonge.

Imani hii haiko peke yake. Ina pacha wake katika ugonjwa wa homoni unaojulikana kuliko yote, kisukari. Huko nako husemwa kwamba ukianza kuchoma insulini umefika mwisho, na kwamba aliyeanzishiwa sindano alikatwa mguu au alipofuka muda si mrefu. Mguu na macho huharibiwa na sukari iliyokaa juu kwa miaka, na insulini ililetwa wakati uharibifu umeshafika mbali. Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alikuwa mahututi kwa kisukari alipochomwa insulini huko Toronto Januari 1922. Aliishi miaka 13 zaidi, katika zama ambazo kisukari cha aina yake kilikuwa hukumu ya kifo cha haraka. Kosa la kufikiri ni lilelile katika magonjwa yote mawili: tiba inacheleweshwa mpaka mgonjwa amezidiwa, anapewa, wengine wanakufa, na lawama inawekwa juu ya kitu cha mwisho kilichoonekana mkononi mwao. Yule jirani aliyekufa ameshika pampu alikufa kwa pumu. Huenda pampu hiyo ilikuwa ya bluu, na huenda hakuwahi kupewa ile ya kuzuia.

Zipo hoja nyingine zinazostahili jibu. Wapo wanaosema asali, tangawizi, habasoda na kujifukiza vimewatosha mababu. Hakuna anayewakataza asali na tangawizi, lakini hakuna kati ya hivyo kilichothibitika kuzuia vifo vya pumu, na mvuke mzito au moshi wa ubani unaweza kumbana mgonjwa zaidi. Kuacha dawa kwa ajili ya vitu hivyo ndiko kosa. Wapo wajawazito wanaoacha pampu kwa kumhofia mtoto aliye tumboni, ilhali mama akikosa hewa mtoto hukosa pia, na madaktari hushauri dawa ya kuzuia iendelee. Wapo waliofunga Ramadhani wanaoona dawa itawavurugia saumu. Ya kuzuia kwa kawaida huvutwa mara mbili kwa siku, na inaweza kupangwa wakati wa kufuturu na wakati wa daku. Ya kutuliza haipaswi kusubiri magharibi mtu anapobanwa. Wapo pia wanaosema mtoto mdogo hawezi kuvuta. Hawezi kuvuta pampu moja kwa moja, ni kweli, kwa sababu hajui kulinganisha kubonyeza na kuvuta pumzi. Lakini watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu na kuzibwa vizuri pembeni, ilifanya kazi sawa na chombo cha kununua kinachowekwa kati ya pampu na mdomo, kwa watoto waliobanwa. Dawa inapulizwa ndani ya chupa, na mtoto anapumua taratibu kupitia mdomo wa chupa. Chupa ya maji inayotupwa barabarani inaweza kumwokoa, mradi mhudumu wa afya awafundishe wazazi kuitengeneza.

Inabaki hoja ya bei, na hii siipuuzi. Kidonge kinauzwa kimoja kimoja, pampu ya kuzuia hainunuliwi nusu, na mtu anayeishi kwa kibarua hawezi kulaumiwa kwa kuchagua kinachotosha mfuko wake siku hiyo. Lakini umaskini ni sababu ya kudai pampu ipatikane, haujawahi kuwa ushahidi kwamba pampu ni mbaya. Budesonidi imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mwaka 2017 iliongezwa pia ikiwa imechanganywa na formoteroli katika pampu moja inayotuliza na kuzuia kwa pamoja. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, wenye pumu ndogo waliotumia pampu hiyo wakati wa kubanwa tu walipata mashambulio makali pungufu kwa karibu theluthi mbili kuliko waliotumia dawa ya kutuliza peke yake. Kinyume chake, kila usiku wa oksijeni, sindano na dripu una gharama, kwa familia na kwa hospitali. Serikali na bima ya afya zinazolipia kitanda cha wodi lakini zikasita kulipia pampu zinachagua kulipa zaidi ili kupata kidogo.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Mhudumu wa afya asimwache mgonjwa wa pumu aondoke na pampu ya bluu peke yake, wala asimpe pampu bila kumwonyesha kwa vitendo: kuitikisa, kutoa pumzi, kubonyeza huku akivuta taratibu, kisha kuizuia pumzi kwa sekunde kumi. Muuza dawa akimwona mteja yuleyule akirudia vidonge vya pumu kila wiki, amwelekeze kwa daktari. Wizara za afya zihakikishe dawa ya kuzuia inafika mpaka zahanati, maana dawa iliyo kwenye orodha lakini haipo rafuni haimsaidii yeyote. Na wewe mzazi, au wewe mgonjwa, usiache dawa ya kuzuia kwa sababu unajisikia vizuri. Ongea na daktari kabla ya kubadili chochote. Ukiona mtu anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mpe pampu ya kutuliza na umkimbize hospitali palepale. Pumu inadhibitika, na wenye pumu wamesoma, wamelea, wamelima na wamekimbia mbio za Olimpiki. Walioweza hivyo hawakuingoja hatua ya mwisho. Waliianza tiba mapema na wakaendelea nayo.